Uwanja wa Msalato: hiyo "milioni 1.5" ya abiria inatoka wapi, na wanaounganisha ndege wanahesabiwaje?

MwanaVeyula

Mbukwenyi wakuu. Nina swali, nusu la kitaalamu nusu la tumbo. Nina kiwanja upande wa Veyula, sio mbali na barabara ya Arusha, nilikichukua kabla watu hawajaanza kupakimbilia. Tangu ujenzi wa uwanja wa ndege wa Msalato uanze kila mtu ananiambia jenga gesti, jenga lodge, utakula hela mpaka usahau jina lako. Nikiuliza wateja watatoka wapi najibiwa namba moja tu, abiria milioni 1.5 kwa mwaka. Nimeisikia redioni, nimeisikia kwenye daladala, mpaka fundi wangu wa tofali anaijua kichwani.

Sasa mi sio mchumi ila hesabu za darasa la saba ninazo. Milioni 1.5 gawanya kwa 365 unapata watu elfu nne na mia moja na ushee kila siku ya Mungu. Huu uwanja wa sasa hapa mjini napita nje yake kila mara, ndege kubwa zinazotua kwa siku unazihesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Hao elfu nne wanatoka wapi? Jamaa mmoja akanijibu kwa kujiamini kabisa, "wataunganisha ndege hapa", kwamba Dodoma iko katikati ya nchi kwaiyo mtu wa Mwanza anayeenda Mbeya atashukia Msalato abadilishe ndege badala ya kuzunguka mpaka Dar. Nikapata moyo, halafu nikajiuliza, anayebadilisha ndege si anakaa ndani ya jengo saa moja anaondoka? Kwangu atalala saa ngapi?

Naombeni mnaojua haya mambo mnieleweshe, hizi namba za abiria wa miaka ijayo zinapigwaje, na hawa wa kuunganisha wanaingiaje humo. Treni ya umeme nayo ishafika, sijui inaniondolea au inaniongezea. Natanguliza shukrani, matusi sitaki.

Takwimu_Makole

Mkuu umeuliza kitu ambacho hata maofisini watu wanakichanganya. Kwanza tuelewane, milioni 1.5 sio utabiri, ni uwezo wa jengo la abiria. Ukumbi wa harusi ukiandikwa watu 800 haina maana kila Jumamosi wanakuja 800, ina maana wakija 800 hawatakanyagana. Terminal 3 ya pale Dar ilipofunguliwa 2019 iliandikwa abiria milioni 6 kwa mwaka, hakuna aliyetegemea wajae kesho yake asubuhi. Jengo unalijengea miaka 20 mbele, na kujenga kubwa kidogo mara moja ni nafuu kuliko kubomoa ukuta kila baada ya miaka mitano.

Sasa hesabu yako ya elfu nne ni nzuri sana na naomba uiendeleze kidogo. Takwimu za viwanja vya ndege zinajumlisha wanaoshuka NA wanaopanda, kwaiyo hao 4,110 kwa siku ni kama 2,055 wanaoondoka na wengine hivyo hivyo wanaofika. Chukua Airbus A220 ya Air Tanzania, ina viti 132, ikijaa robo tatu ni watu 99. Gawanya, unapata ndege kama 21 zinaruka kila siku, jumapili na sikukuu ndani. Ukitumia zile Q400 za viti 76 unahitaji kama 36. Hapo ndo ujiulize hizo ndege 21 zinaenda wapi na nani ana ndege za kuzileta. Namna hii ya kuigeuza namba ya abiria kuwa namba ya ndege ni kipimo cha kwanza kabisa, ukiona makadirio yoyote ya uwanja wowote ifanye, dakika mbili tu unajua kama mtu anakutania.

Utabiri wenyewe unapigwa kwa njia nyingi ila ya kawaida ni kufunga abiria na uchumi. Unaangalia miaka iliyopita, pato la taifa lilipokua kwa asilimia moja abiria walikua kwa asilimia ngapi. Kwenye nchi ambazo watu wengi bado hawajawahi kupanda ndege mara nyingi abiria wanakua haraka kuliko uchumi, tuseme mara moja na nusu. Kwaiyo uchumi ukikua 5 kwa mia, abiria 7.5 kwa mia, na ukikua hivyo mfululizo unakuwa umejidabo ndani ya miaka kumi hivi.

Utamu na hatari vyote viko kwenye hicho kiwango. Anza na abiria 100,000 (mfano tu huu msije mkaunukuu), ukuze kwa asilimia 5 miaka 20 unapata 265,000. Ukuze kwa asilimia 8 unapata 466,000. Yaani tofauti ya asilimia 3, ambayo wataalamu wawili wanaweza kubishana juu yake wakinywa chai tu na kila mmoja akawa na hoja, inakuletea jengo la ukubwa tofauti kabisa. Ndo maana ukipewa namba moja bila kupewa ya chini na ya juu, uliza nyingine ziko wapi.

DadaTiketi

Takwimu kaongea vizuri ila naomba niongeze cha huku kaunta maana nakata tiketi hapa mjini kila siku na ninaowaona ni watu, sio asilimia.

Abiria wa Dodoma ni wa aina yake jamani. Bunge la bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, kipindi hicho ijumaa mchana kwenda Dar usiniombe kiti, na jumapili jioni na jumatatu asubuhi kurudi Dodoma ni vilevile, ila ndege hiyohiyo ikigeuza upande wa pili inaenda nusu tupu. Bunge likiahirishwa na semina za wizara zikikata, kunapoa. Sasa mtu akija akachukua abiria wa Mei akazidisha mara 12 anakuwa amejenga nchi nyingine kabisa. Tangu serikali ihamie kuanzia 2016 abiria wameongezeka kweli, ila wengi wao tiketi inalipwa na ofisi. Ofisi ikibana matumizi abiria wanapungua hata kama uchumi unakua, hiyo modeli ya pato la taifa haikuoni.

Kuhusu kuunganisha, hapa ndo watu hawajui. Kwenye takwimu anaonekana mtu wa Dodoma kwenda Dar, basi. Ila mimi namjua, huyu anaenda Zanzibar, huyu anaenda Mwanza, yule ana mtoto anasoma India anapitia Dar halafu Dubai au Doha. Wengi wananunua tiketi mbili tofauti, ya Dodoma-Dar kwangu, na ya mbele ananunua mwenyewe kwenye simu au kwa ndugu yake aliyeko huko. Kwenye mfumo wa bukingi hao wanaonekana ni watu wawili wasiojuana. Kwaiyo anayesema Dodoma watu wanaenda Dar tu hajawauliza. Wataalamu wenye akili wanaweka vijana mlangoni pa kupandia na madodoso, "safari yako imeanzia wapi na inaishia wapi", ndo unapata ukweli.

Na kaka MwanaVeyula, anayeunganisha anaangalia vitu ambavyo ramani haionyeshi. Anaangalia jumla ya nauli, jumla ya masaa, na kama tiketi ni moja au mbili. Tiketi ikiwa moja begi linapitilizwa na ndege ya kwanza ikichelewa shirika linatafuta namna ya kumfikisha. Zikiwa mbili, ndege ya kwanza ikichelewa huyo ni wa kwake na Mungu wake, nimeshawaona wanalia hapa kaunta na sina cha kuwasaidia. Kwaiyo swali la watu wataunganisha Msalato au la ni swali la shirika gani litauza tiketi moja Mwanza-Msalato-Mbeya, kwa bei gani, na ukishuka unasubiri dakika 50 au masaa sita.

ShabikiWaReli

Mnaongea ndege wakati mchezo umeshaisha 😂 Treni ya SGR Dar-Dodoma imeanza Julai 2024, nauli ilianza na elfu 31 daraja la kawaida, chini ya masaa manne uko mjini, na ile treni nyingine ya pua ndefu, mchongoko, inawahi zaidi. Ndege inaruka saa moja sawa, lakini toka mji wa serikali Mtumba mpaka Msalato, fika mapema, kaguliwa, subiri, ruka, shuka, subiri begi, halafu foleni ya Barabara ya Nyerere mpaka Posta. Ukijumlisha yote umeokoa nini? Dakika 40? Na treni haikunyimi kufungua laptop wala kupiga simu.

Mifano ipo. Taipei na Kaohsiung kule Taiwan palikuwa na ndege kama daladala, treni ya kasi ikafunguliwa 2007, mwaka 2012 ndege ya mwisho ikaondoka. Madrid na Barcelona treni ilianza 2008 na ikachukua zaidi ya nusu ya abiria. Mkuu kajenge gesti yako karibu na stesheni ya treni, Msalato waachie wenye ndege zao.

Rampu

ShabikiWaReli punguza mori. Hiyo mifano yako ni ya treni zinazokwenda karibu kilomita 300 kwa saa, yetu mwisho 160. Wanaofanya haya mahesabu wana kanuni ya kukadiria haraka, treni ikiwa chini ya masaa matatu inaifuta ndege, ikizidi manne ndege inapumua. Dar-Dodoma imekaa hapohapo katikati kwaiyo haijaisha, itagawana. Kwenye modeli unampa kila msafiri thamani ya muda wake, mwenye semina anayelipiwa na ofisi na anataka kurudi leoleo anachagua ndege, anayelipa mfukoni na familia ya watu wanne hata haulizi.

Ila kuna kitu kimoja utanipa mkono. Treni ya kawaida inasimama Pugu, na Pugu ni upande wa eapoti ya Dar. Mtu wa Dodoma mwenye ndege ya nje usiku anaweza kushuka Pugu akachukua bajaji au taxi mpaka Terminal 3 bila kuigusa foleni ya mjini. Kwaiyo treni haiibi wale wanaoishia Dar tu, inaweza kuiba hata hao wa kuunganisha aliowasema DadaTiketi. Ukifanya makadirio ya Msalato ukaweka kwamba wanaounganisha Dar wote watabaki kwenye ndege utakuwa unajifurahisha.

Sasa niongee cha upande wangu, nimefanya kazi uwanjani miaka. Watu wanachukua takwimu za nyuma wanachora mstari, wanasahau kwamba abiria waliorekodiwa ni wale waliopata kiti. Mwisho wa 2022 zile A220 zilipata shida ya injini, sio zetu tu, injini aina ile ilisumbua mashirika dunia nzima, na Air Tanzania ikabidi iegeshe ndege. Abiria wakapungua kwenye karatasi. Je watu walikuwa hawataki kusafiri? Walikuwa wanataka, ndege haikuwepo. Ukiingiza ile miezi kwenye modeli kama ilivyo, kompyuta inakuambia wanadodoma wameichoka ndege. Na mwaka 2020 ndo usiseme, dunia nzima ilitoka abiria bilioni 4.5 mwaka 2019 ikaanguka mpaka 1.8, ukianzia hapo chini kuchora mstari wa kupanda unafika mwezini.

MwanaVeyula

Aisee asanteni sana nimejifunza mengi kuliko semina. Ila hamjanimalizia ile ya Mwanza-Mbeya. Nimefungua ramani, Mwanza kuja Dodoma halafu Mbeya mbona ni njia fupi zaidi? Dar ni kuzunguka. Kwanini isiwe habu, yaani kituo kikuu cha kubadilishia ndege?

Takwimu_Makole

Umeangalia vizuri. Kwa angani Mwanza-Dodoma-Mbeya ni kama kilomita 900 na kitu, kupitia Dar ni kama 1,500. Kijiografia umeshinda. Tatizo habu haijengwi na jiografia peke yake.

Fikiria ndege moja inatoka Mwanza kuja Msalato ina watu 60. Kama wanaotaka kwenda Mbeya ni 6, wa Arusha 4, wa Zanzibar 8, waliobaki lazima wawe wanaishia Dodoma, la sivyo ndege haijai na shirika linaifuta. Kwaiyo wanaounganisha wanabebwa mgongoni na wanaoishia hapo. Dar sensa ya 2022 ina watu milioni 5.4, ndege yoyote ikielekea Dar tayari ina wenyewe wa Dar, wanaounganisha ni nyongeza. Jiji la Dodoma ni 765,000 na kitu. Tunakua ndio, ila mgongo bado mwembamba.

Halafu habu inataka ndege zifike kwa pamoja kama wimbi, sita zitue ndani ya saa moja, watu wabadilishane, zote ziondoke. Uzuri wake ukiwa na miji sita tayari una safari 15 tofauti za kuuza bila kuruka moja kwa moja hata moja. Ubaya wake unahitaji ndege sita ziwe zako kwa saa hiyohiyo, na ukishaziweka Msalato maana yake umezitoa Dar. Addis wameweza kwasababu shirika lao limekusanya ndege zake pale kwa makusudi kwa miaka mingi.

Na upande wa kuhesabu: abiria wa Mwanza-Msalato-Mbeya anahesabiwa mara moja Mwanza, mara MBILI Msalato (kashuka, kapanda), mara moja Mbeya. Mtu mmoja, safari moja, alama nne kwenye takwimu za taifa. Yule ambaye hashuki kabisa kwenye ndege ikiendelea mbele, huyo wa transiti, kawaida anahesabiwa mara moja. Kwaiyo uwanja wenye wanaounganisha 100,000 unaonyesha 200,000 kwenye ripoti, na nje ya geti hakuna hata mmoja aliyepanda bodaboda. Ukisoma makadirio yoyote tafuta mstari unaotenganisha hao na wanaoanzia au kuishia hapo. Kama haupo, kwa mtu wa gesti hiyo ripoti haina kazi.

Chimwaga_2

Naomba kuchangia, niko UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) naandika risechi inayokaribiana na hii. Kinachonitisha mimi kuhusu abiria wa kuunganisha ni kwamba sio wa kwako, ni wa shirika. Pittsburgh kule Marekani walijenga jengo jipya 1992 kwa ajili ya USAir iliyopafanya habu, miaka ya mwisho ya 90 walikuwa wanapita watu zaidi ya milioni 20 kwa mwaka. 2004 shirika likaiondoa habu. Miaka michache baadae wamebaki kama milioni 8. Watu wa Pittsburgh wenyewe hawakuhama, mji ulikuwa palepale, waliopotea ni wale waliokuwa wanashuka kubadilisha ndege tu.

Na mfano wa pili ni Mirabel ya Montreal, huu ninaupenda kwasababu unatuhusu. Ilifunguliwa 1975 ikitarajiwa makumi ya mamilioni ya abiria, haikuzidi kama milioni 3 kwa mwaka, 2004 ndege za abiria zikahama kabisa na 2014 wakaanza kubomoa jengo. Moja ya sababu, walibakiza uwanja wa zamani wa Dorval karibu na mji kwa ndege za ndani, za nje zikapelekwa Mirabel. Kwaiyo mtu wa kuunganisha ilibidi apande basi la barabarani kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, mashirika yakaona bora Toronto. Pia ndege za masafa marefu zikaja, zikawa hazina haja tena ya kutua pale. Ndo maana mimi kwenye risechi yangu swali la kwanza limekuwa uwanja wa zamani wa hapa mjini utabaki na ndege gani. Wakigawa ndege huku na kule, habari ya kuunganisha imekufa kabla haijaanza.

MzeeWaKibaigwa

Vijana mna data ila niwaulize, kuna utabiri wowote wa miradi mikubwa uliowahi kuwa chini ya ukweli? Kila siku namba ni kubwa. Anayetaka mkopo ataandika ndogo?

Takwimu_Makole

Mzee shikamoo. Upo utafiti wa Bent Flyvbjerg na wenzake wa 2005, walikusanya miradi ya usafiri ya nchi nyingi, kwenye reli 9 kati ya 10 abiria waliotabiriwa walizidi waliokuja. Barabara hazikuwa na upendeleo huo, zilikosewa juu na chini. Kwaiyo mashaka yako yana msingi, na dawa aliyoipendekeza ni kwamba usianze na mradi wako, anza na viwanja vilivyofanana na wako, uone vilitabiriwa ngapi na vilipata ngapi, halafu ukate namba yako kwa kiasi hicho.

Ila tusimalizie kwa kusema vyote ni uongo. Msalato una njia ya kurukia ya kilomita 3.6, ndege kubwa zinatua, na sisi tupo kama mita 1,100 juu ya bahari na jua hili, hewa nyepesi, ndege nzito inataka lami ndefu kuondoka. Kwaiyo uwanja una kazi ambayo ule wa mjini hauwezi. Viongozi wa nje, mikutano, labda mizigo. Hivyo havitegemei mtu wa Mwanza-Mbeya.

DadaTiketi

Na tusisahau eneo la kuvuta abiria. Watu wa Kondoa, Manyoni, Singida, Kongwa, Mpwapwa hao ni wa kwetu. Ila Babati kwa mfano iko karibu zaidi na Arusha, msiwaweke. Niliona makadirio ya mtu mmoja kachora duara kwenye ramani la kilomita 250 akaokota kila kichwa kilichomo ndani, wamo na watu ambao uwanja wao ni mwingine kabisa.

MwanaVeyula

Sawa, naanza kuona. Kwaiyo nikitaka namba yangu mwenyewe ya gesti, sio ya taifa, nafanyaje? Niambieni kama mnamwambia mtu wa sokoni.

Takwimu_Makole

Anza na viti, achana na abiria wa kwenye hotuba. Ratiba ya ndege ni ya wazi, hesabu ndege zinazofika kwa wiki, zidisha viti, toa robo kwa ajili ya viti vinavyobaki vitupu. Wiki ya Bunge fanya peke yake na wiki ya kawaida peke yake, usizichanganye. Hapo una wanaofika. Toa wanaounganisha, ambao kwa sasa weka sifuri usubiri wakushangaze. Wanaobaki, jiulize wangapi wana nyumba au ndugu Dodoma, wangapi ofisi imewalipia hoteli ya mjini. Watakaolala ndani ya kilomita tano za uwanja ni wachache, na sababu ni barabara. Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3, inapita Nala, Veyula, Mtumba mpaka bandari kavu ya Ihumwa. Ikikaa sawa, mtu anashuka ndege na anafika Mtumba bila kugusa mji. Anakupita mlangoni kwako akiwa anaangalia simu.

Sasa fanya hiyo mara tatu. Moja ndege zibaki zilivyo na treni ichukue nusu. Ya pili zikue polepole. Ya tatu ndo ile ya redioni. Kama gesti yako inalipa kwenye ya kwanza, jenga. Kama inalipa kwenye ya tatu tu, panda zabibu.

ShabikiWaReli

Zabibu nazo zinataka makadirio 😂

Rampu

Niongeze kimoja ambacho hamjakisema na kwa mtu wa vyumba kina uzito. Ratiba ikitoka usiangalie ndege ngapi zinatua tu, angalia ndege ngapi ZINALALA. Ndege ikifika saa tatu usiku na ikaondoka saa kumi na mbili asubuhi, marubani na wahudumu wake wanalala Dodoma, na hao wanalala kila siku, Bunge liwepo lisiwepo. Kwa kawaida shirika linaingia mkataba na hoteli moja kwa mwaka mzima, wanataka jenereta, maji ya uhakika, gari la kuwachukua alfajiri, na utulivu maana wanalala saa za ajabu. Na abiria wa ndege ya alfajiri kutoka Kondoa au Singida nae hawezi kuondoka kwake saa nane usiku, analala karibu na uwanja. Ndege ya kwanza ikiwa saa tatu asubuhi huyo humpati.

Kwaiyo mkuu kabla hujamwaga zege subiri ratiba ya kwanza ya Msalato itoke. Kama ndege zote zinalala Dar na zinakuja hapa mchana kugeuza, vyumba vinne na mgahawa wa supu barabarani vinakutosha, madereva wa malori ya Arusha watakulisha. Ukiona mbili au tatu zinalala hapa, njoo inbox tuongee, mi nawajua watu wa kuwauliza wanataka nini.

MwanaVeyula

Nimekupata Rampu. Supu naanza nayo mwaka huu huu, hiyo haihitaji ndege. Hivi lakini, anayepanga ndege ilale wapi ni nani, shirika au uwanja?

Rampu

Shirika. Inategemea fundi wao yuko wapi, mafuta yapo usiku au hapana, na uwanja unafungwa saa ngapi. Hivyo vitatu vyote vinaulizika, nenda kaulize.